Sauti Iliyobaki

Namshukuru Mungu kwamba naandika haya nikiwa hai. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikasoma somo kwa sauti yangu mwenyewe, ingawa waliokaa viti vya nyuma ilibidi wasogee mbele ili wanisikie.

Nakuandikia wewe ambaye usiku huu hulali. Pengine daktari amekutamkia neno ambalo umeshindwa kulifikisha nyumbani. Pengine unamwuguza mwenzako na huna wa kumweleza. Sina dawa ya kukupa. Nina yaliyonipata, na nina habari za mtu mmoja, mwigizaji maarufu wa Poland aitwaye Jerzy Stuhr, ambaye alipita njia ile ile mwaka mmoja kabla yangu, kisha akaandika alivyopita. Yeye hakunijua. Mimi nilimjua tangu ujana wangu, na kuna wakati nilimshikilia kwa nguvu kuliko alivyoweza kudhani.

Kwetu ni Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Aliyekulia kule anayajua makaburi ya Wapolandi, yale yenye misalaba na majina yanayoshinda ulimi. Bibi yangu aliwaona walipokuja wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942. Wengi walikuwa akina mama na watoto. Utawala wa Stalin uliwang'oa makwao ukawapeleka Siberia, walipoachiwa wakapitia Uajemi, mwishowe wakajikuta chini ya Mlima Meru. Walikuwa kama elfu tano. Bibi alikuwa akisema hajapata kuona tena Wazungu wakilia hadharani namna ile. Kwa hiyo mwaka 1983, nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Poland na ukoo mzima ukauliza nchi hiyo iko wapi, yeye peke yake hakushangaa. Alisema tu, nenda, ni watu wa msiba, watakupokea.

Nilianzia mji wa Łódź, kwenye shule ya lugha ambako wanafunzi wa kigeni hufundishwa Kipolandi kabla ya kwenda vyuoni. Nyama ilikuwa ya kadi. Sheria ya kijeshi iliyotangazwa Desemba 1981 ilikuwa imeondolewa miezi michache tu kabla ya mimi kufika, na watu walikuwa bado wanaongea kwa kuangalia nyuma. Mwaka 1984 wenzangu wa bweni wakanivuta sinema kuangalia filamu mpya ya Juliusz Machulski, *Seksmisja*. Wanaume wawili wanagandishwa kwa majaribio mwaka 1991, wanakuja kuamka mwaka 2044 chini ya ardhi, kwenye dunia ya wanawake watupu walioambiwa kwamba huko juu hewa ni sumu na mtu hawezi kuishi. Mmoja wa wanaume wale ana maneno mengi, anabembeleza, anadanganya, sauti inampanda mpaka inapasuka. Ukumbi mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Mimi nilicheka kwa kuchelewa, nikiwafuata wengine. Wakati wa kutoka, mwenzangu mmoja akanieleza kwa nini watu walicheka hivyo. Kila mtu mle ndani alikuwa anaijua serikali inayowaambia raia wake kwamba hewa ya nje ni sumu.

Yule mwenye maneno mengi ndiye Stuhr. Kwa kweli nilijifunza Kipolandi kwa kumsikiliza yeye. Walimu walinifundisha sarufi, lakini namna ya kubishana, kulalamika na kuomba samahani bila kumaanisha, nilizipata kwake.

Alizaliwa Kraków tarehe 18 Aprili 1947, akakulia Bielsko-Biała. Alisoma kwanza fasihi ya Kipolandi katika Chuo Kikuu cha Jagiellonia, ndipo akaingia shule ya uigizaji, akamaliza mwaka 1972. Jukwaa lake lilikuwa Stary Teatr, yaani ukumbi wa kale wa Kraków, chini ya waongozaji wakubwa kama Konrad Swinarski na Andrzej Wajda. Kwenye sinema alipata jina kwa *Wodzirej*, filamu ya Feliks Falk kuhusu mshereheshaji anayewauza marafiki zake mmoja mmoja ili apewe sherehe kubwa ya mji. Mwaka 1979 ikaja *Amator* ya Krzysztof Kieślowski, iliyochukua tuzo kuu kwenye tamasha la Moscow. Mle ndani Stuhr ni karani wa kiwandani. Ananunua kamera ndogo ili ampige picha mtoto wake mchanga, kamera inamnogea mpaka inamla. Kazi inaharibika, rafiki anaumia, mke anaondoka. Mwishoni anaigeuza kamera, anaielekeza usoni mwake, anaanza kusimulia habari zake mwenyewe tangu mwanzo.

Kutoka Łódź nilihamia Kraków, chuo cha madini. Nikamaliza, nikaoa huko huko, na kwa kuwa migodi haikunitaka nikawa mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa naishi kwa koo. Mchana darasani, jioni kwaya. Na mara moja moja, tukipata hela, mimi na mama watoto tulikwenda kumwona Stuhr jukwaani. Tulimwona katika *Kontrabasista*, mchezo wa mwandishi Mjerumani Patrick Süskind: mtu mmoja, chumba kimoja, zeze kubwa la kusimama nalo, basi. Hakuna mwingine wa kujibizana naye. Alianza kuucheza katikati ya miaka ya themanini akaendelea nao kwa miaka na miaka, mamia ya mara. Unakaa pale unamsikiliza mtu mmoja anaongea, na hupati nafasi hata ya kukohoa.

Kuna filamu yake nyingine nitaitaja kwa sababu inanihusu kwa ndani, *Duże zwierzę*, yaani mnyama mkubwa, ya mwaka 2000. Kieślowski alikuwa ameacha muswada wake, naye amefariki tangu 1996. Stuhr akaiongoza mwenyewe na kuigiza ndani yake. Ngamia anaachwa na watu wa sarakasi katika mji mdogo wa Poland, karani wa benki na mkewe wanamchukua. Mwanzoni majirani wanafurahi. Kisha wananong'ona. Kisha wanauliza huyu ngamia ana faida gani, analipiwa kodi gani, kwa nini awe na ngamia yeye na sisi tusiwe naye. Mimi nimewahi kuwa ngamia yule, katika mji mmoja mdogo nilikopelekwa kwa mafunzo ya kazi, na sikupata kuona mtu mwingine aliyelielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Binti yangu yeye alimjua kwa njia nyingine. Watoto wote wa Poland wa rika lake wanamjua Stuhr kama punda wa *Shrek*, maana ndiye aliyemwekea sauti kwa Kipolandi tangu filamu ya kwanza mwaka 2001. Nyumbani kwetu punda yule aliongea wakati wa chakula, wakati wa kuoga, wakati wa kulala.

Basi fikiria. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule ya uigizaji ya Kraków vipindi viwili, akiwafundisha vijana kutumia pumzi na koo. Mwaka 2011 anaonekana kwenye filamu ya Mwitaliano Nanni Moretti, *Habemus Papam*, akiwa msemaji wa Vatikani, anaigiza kwa Kiitaliano. Vuli ya mwaka huo huo magazeti yanaandika: Jerzy Stuhr ana saratani ya koo. Mama watoto aliisoma habari ile mezani kwa sauti. Akaweka gazeti chini, akasema, maskini, kwenye koo kweli? Mimi nikasema Mungu amsaidie, nikamalizia chai yangu, nikaenda kufundisha.

Juni 2012 Poland ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya mpira ya Ulaya, pamoja na Ukraine. Mechi ya kwanza na Ugiriki, sare ya bao moja kwa moja, tulipiga kelele mpaka tukakauka. Wenzangu walipona kesho yake. Mimi sauti yangu haikurudi. Nikasema ni mpira. Nikanywa chai ya asali, mama mkwe akaniletea sharubati ya rasiberi, dawa yake ya magonjwa yote. Julai ikapita. Agosti ikapita. Septemba shule zikafunguliwa na wanafunzi wa nyuma wakaanza kuinua mikono: mwalimu, hatusikii.

Mama watoto ndiye aliyenipeleka. Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kimrija chembamba chenye kamera puani mpaka kooni. Niliona uso wake. Alikuwa anaongea na muuguzi habari za foleni, akanyamaza. Wakakata kinyama kidogo wakapeleka maabara. Majibu nilipewa na daktari mwingine, sitasema wa wapi, akiwa amesimama koridoni na mkono wake umeshika kitasa cha mlango. Alitaja jina la Kilatini. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa kitu, ila nilijua, kwa sababu mwaka mzima neno saratani lilikuwa kwenye magazeti karibu na jina la Stuhr.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kituo cha tramu. Tramu zilipita. Sikupanda.

Nilipelekwa Gliwice, kwenye taasisi ya saratani yenye jina la Maria Skłodowska-Curie, binti wa Poland aliyegundua elementi mbili zenye mionzi, na ya kwanza, mwaka 1898, akaipa jina la nchi yake. Stuhr naye alitibiwa Gliwice. Muuguzi mmoja aliponiambia hivyo, nilijikuta naangalia viti vya kungojea, nikijiuliza alikalia kipi.

Nitakueleza mambo yanavyokwenda, maana mimi hakuna aliyenieleza, na usichokijua usiku kinakuwa kikubwa. Kabla ya mionzi wanakutengenezea barakoa. Ni karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu matundu. Wanailoweka kwenye maji ya moto inalainika, wanakulaza, wanaivuta juu ya uso, shingo na mabega. Ina uvuguvugu, inakaribia kupendeza. Baada ya dakika chache inakauka na kushika sura yako, pua yako, kidevu chako. Tangu hapo, kila siku ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki kadhaa, unalala mezani wanakufunika barakoa ile na kuibana mezani kwa vibanio. Klak, klak, klak. Huwezi kugeuza shingo. Huwezi kufungua mdomo. Wote wanatoka chumbani na mlango mzito unafungwa. Mashine inazunguka. Hakuna maumivu, nakuapia, mionzi yenyewe huisikii. Kinachouma ni kuwa umefungwa na uko peke yako. Mimi nilikuwa naimba moyoni nyimbo za kwaya, sauti zote nne, nikianza na besi, mpaka mlango ufunguliwe.

Wiki mbili za kwanza nilidhani nimepona. Nilirudi nyumbani nikala supu, nikachekesha watu. Wiki ya tatu ladha ikaondoka, mkate na sabuni vikawa kitu kimoja. Dripu za dawa za saratani zikanitapisha. Ngozi ya shingo ikachubuka. Mate yakawa mazito, yakakataa kushuka na kukataa kutoka. Ikabidi waniwekee mpira wa kulishia kupitia puani. Sauti ilififia polepole, kila siku kidogo. Siku moja nilifungua kinywa kumjibu mama watoto na hapakutoka kitu.

Nikanunuliwa daftari. Ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: maji. Wa pili: funga dirisha. Halafu: nani alipiga simu? Halafu, kwa mwandiko mbaya: usimwambie mama.

Matibabu yaliisha siku chache kabla ya Krismasi. Walinionya kwamba mionzi inaendelea kuunguza hata baada ya mashine kuzimwa, na kwamba siku mbaya bado ziko mbele. Sikuwaamini. Usiku wa mkesha Wapolandi huweka sahani moja ya ziada mezani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na kabla ya kula wanamegeana mkate mwembamba kama karatasi huku wakitakiana heri. Mimi sikuweza kumeza hata punje. Mama mkwe alimega kipande chake, akakiweka kiganjani mwangu, akanikunja vidole. Akasema, ushike tu, mwanangu, inatosha. Katika kugawana zawadi, binti yangu akanipa kitabu. Kilikuwa cha Stuhr, kimetoka mwaka ule ule, *Tak sobie myślę...*, shajara aliyoiandika akiwa mgonjwa. Nilikitazama jalada nikakiweka chini. Sikutaka.

Sasa naja kwenye usiku ninaouogopa hata kuuandika. Ulikuwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Niliamka nimekabwa. Mate yamejaa kooni. Hayashuki. Nikakohoa. Koo lilikuwa kama nimemeza chupa iliyopasuka. Damu kidogo kwenye beseni. Nikataka kumwita mama watoto. Alilala chumba cha pili ili nipumzike. Nikafungua mdomo. Hakuna. Nikajaribu tena. Hakuna. Hewa tu.

Nikajua. Hivi ndivyo nitakavyokufa. Mlango umefungwa, watu wangu wako hatua kumi kutoka hapa, na siwezi kuwaita.

Nilitaka kuomba. Maneno hayakuja. Mimi, mzee wa kanisa. Nilishika ukingo wa kitanda. Nikasema moyoni, Baba. Nikakwama hapo. Baba. Sikuwa na zaidi.

Nikataka iishe. Nasema kweli. Nilitaka iishe tu, kwa vyovyote.

Mkono wangu ukagusa kikombe cha bati. Nikakigonga ukutani. Nikagonga tena. Nikagonga.

Alikuja bila viatu. Hakuuliza kitu. Aliniinua, akaniinamisha, akanishika paji la uso kama mtoto anayetapika, akanisafisha kinywa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Tulikaa hivyo sijui muda gani. Kisha akafungua Zaburi ya 22, akasoma kwa Kipolandi polepole, na mimi moyoni nikawa naifuata kwa Kiswahili.

Ilipofika saa kumi alfajiri Kraków, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi Tengeru. Mama alikuwa ameshaamka, anawapa ng'ombe majani. Kwa nini alipiga saa ile sijui. Nilikuwa nimewakataza wote wasimwambie kwamba siongei. Kumbe kaka yangu alikuwa amemwambia siku nyingi. Mama watoto akaniwekea simu sikioni. Mama akasema, "Baba, najua hujibu. Kama unanisikia, gonga." Nikagonga kikombe kwa kucha. Akasema, "Haya." Akaniambia habari za mvua, za ndama aliyezaliwa, za jirani aliyehamisha mpaka wa shamba usiku. Kila alipomaliza jambo aliniuliza, uko? Nikagonga. Mwishowe akaniombea, kwa Kimeru, maombi marefu yenye majina ya watu waliokufa na walio hai. Akasema amina, akangoja. Nikagonga.

Tangu siku hiyo alipiga kila asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yangu.

Siku iliyofuata nikaandika kwenye daftari: kile kitabu. Mama watoto akaanza kunisomea, kurasa chache kila jioni. Nilitegemea mahubiri ya mtu maarufu, jinsi alivyokuwa jasiri. Haikuwa hivyo. Stuhr alinung'unika. Aliwakasirikia wanasiasa. Alifuatilia mpira, ile ile michuano iliyonipotezea sauti. Alikumbuka waongozaji waliokufa, michezo ya zamani, watu wa Italia, kisha katikati ya hayo hospitali ikajitokeza, hofu ikajitokeza, halafu akaendelea na lingine. Mtu mwenye homa ndivyo anavyowaza. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anaendelea kuuona ulimwengu nje ya dirisha. Sikuwa nimejua kwamba hayo mawili yanaweza kukaa katika mtu mmoja siku moja. Nilikuwa nimezunguka na uso wa ushujaa kwa ajili ya washarika, na uso ule ulikuwa umenichosha kuliko dripu.

Binti yangu aliposikia tunasoma, akaja kukaa kitandani akaniigia punda. Nilicheka. Iliniuma mpaka machozi. Nikaandika: tena.

Mwezi wa Machi mtaalamu wa matamshi alinifundisha kufumba midomo na kuvumisha herufi moja, m. Siku za mwanzo ilikuwa pumzi tu. Kisha kitu kikatikisika kifuani, chini kabisa, kikazimika. Niligundua jambo la ajabu: Kipolandi kilinirudia kwanza, kwa sababu kina sauti nyingi za kusugua ambazo husikika hata kwa mnong'ono. Kiswahili, chenye irabu wazi kila upande, kilinidai sauti kamili ambayo sikuwa nayo. Kwa hiyo na mama niliendelea kugonga muda mrefu zaidi. Siku nilipoweza kumwambia "shikamoo", alinyamaza, kisha akasema marahaba kwa sauti ya kawaida, kana kwamba nimemwamkia barabarani. Nilisikia anaweka ndoo chini.

Sauti iliyorudi si ile iliyoondoka. Kwaya sikurudi. Shuleni walinipa madarasa madogo na kusahihisha insha, nawashukuru.

Stuhr naye alirudi kazini. Mwaka 2014 akaongoza filamu yake *Obywatel*, yaani raia, habari ya mtu wa kawaida anayeburutwa na historia ya Poland tangu zama za ukomunisti. Mtu huyo mmoja ameigizwa na wawili: ujanani ni Maciej Stuhr, mwanawe, ambaye ni mwigizaji maarufu kwa haki yake, na uzeeni ni Jerzy mwenyewe. Tulikwenda kuiona siku za mwanzo kabisa. Alipotokea kwenye kioo na kufungua mdomo nilimshika mama watoto mkono. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo. Niliujua mkwaruzo ule, najua unatoka wapi. Watu walikuwa wanacheka, maana filamu inachekesha, nami safari hii sikuwa nyuma yao.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo yote yalimnyookea. Mwaka 2020 alipata kiharusi, maneno yakampotea tena, akaanza upya kuyakusanya. Mwaka 2022 alikutwa akiendesha gari akiwa amekunywa pombe, nchi nzima ikamsema, na ilistahili kumsema, akaomba radhi. Nilikasirika naye kama unavyomkasirikia ndugu yako. Desemba 2023 akapanda jukwaani Warszawa katika *Geniusz*, mchezo wa Tadeusz Słobodzianek, ambao aliuongoza yeye mwenyewe na kucheza nafasi ya Stanislavski, mwalimu wa waigizaji wa dunia nzima. Alikuwa amesema ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho jukwaani. Mtu aliyenyang'anywa sauti mara mbili, anaaga kwa kuongea.

Alifariki tarehe 9 Julai 2024, akiwa na miaka 77. Niliposikia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kushika shingo yangu. Kisha nikaona haya, nikamwombea. Amezikwa kwenye makaburi ya Rakowicki, hapa Kraków. Nilikwenda baada ya watu kupungua, nikawasha mshumaa kama wafanyavyo wenyeji, nikamwambia asante kwa Kiswahili.

Hofu haijaisha. Nikiamka na mafua ninakaa kitandani najaribu sauti kabla ya kusema na mtu. Nikisikia mlio wa kibanio chochote, hata cha sanduku la vyombo, mgongo unasisimka. Kama na wewe sauti yako imekauka zaidi ya wiki tatu na huna mafua, nenda kapimwe koo, usingoje asali ifanye kazi. Saratani ya koo ikikutwa mapema mara nyingi inatibika, na wavutaji sigara na wanywaji pombe ndio walio hatarini zaidi, ingawa si wao peke yao. Kama umeshaanza mionzi, mwambie anayekuuguza alale chumba kimoja nawe, au akuachie kengele. Weka daftari. Na kama maombi hayaji, waachie wengine wakuombee, wao wana sauti.

Mama yangu ana miaka themanini na zaidi sasa na bado anapiga asubuhi. Jumanne ijayo nina kipimo tena, kile kimrija cha puani. Niombee.